Supu ya Kumrudisha Mama Mkwe Mezani

Jumatatu, tarehe 12

Baridi kali. Dirisha la jikoni limeganda, halifunguki wala halifungiki vizuri. Nimekwenda kazini na soksi jozi mbili, nimerudi na mafua.

Naanza shajara hii kwa sababu ya jambo zito. Mama mkwe hataki kula.

Yuko kwetu wiki ya tatu sasa. Alilazwa kwa nimonia, akapona, akatoka. Daktari anasema mapafu ni safi kama sahani mpya. Lakini mama anakaa kwenye kiti changu karibu na hita, kajifunika blanketi langu, na kila akiletewa chakula anakula vijiko viwili, anafuta mdomo, anasema, "Mungu awabariki, nimeshiba." Vijiko viwili! Shomoro anamshinda. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni miaka thelathini. Anajua vizuri mtu aliyeshiba anafananaje.

Daktari ametoa siku saba. Jumatatu ijayo anapimwa uzito. Akipungua tena, anarudi wodini. Mama amesema akirudishwa wodini hatatoka tena na miguu yake. Amesema kwa upole, kama mtu anayetaja saa. Mke wangu akaenda bafuni, akafungua maji, akalia humo. Alidhani sisikii. Nilisikia.

Jambo la pili, nalo si dogo. Jana mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, fundi bomba, alileta supu ya kuku kwenye chombo chenye mfuniko wa buluu. Mama akala vijiko saba. Nilihesabu. Mke wangu akasema shemeji ana mkono wa kupika. Hata mimi nina mikono. Ninayo miwili, kama yeye.

Nimeamua. Kabla ya Jumatatu ijayo mama mkwe atamaliza bakuli zima, kutoka mkononi mwangu. Si kwa sababu ya mwanyumba. Ni kwa sababu ya mama. Na kidogo kwa sababu ya mwanyumba.

Mimi ni karani wa masjala, idara ya maji. Kupanga mambo ndiyo kazi yangu. Nimefungua faili jipya. Juu nimeandika: SUPU.

Jumanne, tarehe 13

Boga. Muuza mboga aliniambia nichukue dogo, linatosha nyumba yangu. Nikamwambia mgonjwa hapewi dogo. Nikachagua kubwa kuliko yote, nikalipandisha hadi ghorofa ya tatu nimelikumbatia kama mtoto aliyelala.

Kisu kiliingia. Hakikutoka. Nikainua kisu, boga likaja nacho. Nikalipiga mezani, meza ikalia. Nikaliangusha sakafuni, kwa makusudi, ni mbinu. Boga zima, kigae vipande viwili. Mwalimu mstaafu wa muziki anayekaa chini yetu akapanda kuuliza nani ameanguka. Nikamwambia ni boga. Akalitazama, akashuka, akarudi na kishoka chake cha kuchanjia kuni, akalipasua kwa pigo moja. Ana miaka sabini na minne. Nikamwambia nilikuwa nimeshalilegeza.

Kuchemsha: sawa. Kusaga: si sawa. Mashine ya kusagia haipendi supu ya moto. Mfuniko uliruka. Dari sasa lina rangi ambayo mke wangu hakuichagua.

Iliyobaki nikampelekea mama kwenye bakuli la wageni. Akachukua kijiko kimoja. Akakaa nacho mdomoni kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, kama chumvi niliitia au iliniponyoka.

Kijiko kimoja. Nimekiingiza kwenye faili. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Jumatano, tarehe 14

Nimebadili uwanja. Tumbo lililolala haliamshwi kwa chakula. Linaamshwa kwa kinywaji.

Dada wa mapokezi ofisini kwetu hunywa kila asubuhi maji ya moto ya tangawizi, limau na asali, na tangu baridi ianze hajapiga chafya hata moja. Nikamwomba anifundishe. Akasema ni tangawizi kipande cha kidole gumba, nusu limau, asali kijiko, mdalasini kijiti kimoja, basi. Rahisi mno. Kitu rahisi namna hii hata mwanyumba anakiweza.

Nikaboresha. Kama kidole gumba kimoja kinatibu, je, mkono mzima? Nikatia tangawizi ya mkono mzima, kitunguu saumu kichwa kizima, karafuu za kutosha, pilipili manga, na pilipili yenyewe ili zisaidiane.

Mkuu wangu wa kitengo ana mafua wiki nzima. Nikampa kikombe cha majaribio saa tatu asubuhi, kabla hajaingia mkutanoni. Alikunywa kwa mkupuo mmoja. Akasimama. Akakaa. Akafungua dirisha, baridi yote ile, akatoa kichwa nje. Mkutanoni alikuwa na kwikwi dakika arobaini. Lakini chafya, hakupiga hata moja! Nilimkumbusha hilo mlangoni. Hakujibu. Sauti ilikuwa imekwisha.

Jioni nikampelekea mama. Akanusa. Akarudisha kikombe mezani taratibu, akasema nimwekee mwanyumba wangu, mabomba yaliyoziba ni kazi yake. Mke wangu akacheka hadi akashika ukuta. Mama naye mdomo ulimcheza upande mmoja.

Vizuri. Wacheke. Mimi natafuta uzima wa mtu, wao wananifanyia mzaha. Nimemimina iliyobaki kwenye sinki. Kusema kweli, maji sasa yanapita vizuri zaidi.

Alhamisi, tarehe 15

Leo nimeshindwa na sayansi, si uvivu.

Kwenye gazeti la zamani lililofungiwa mayai nilisoma kwamba sufuria likichemka vizuri, likaepuliwa na kuvikwa mablanketi, chakula huendelea kuiva chenyewe mchana kutwa bila moto. Chakula kinaiva na mpishi yuko kazini! Nilisikitika kwamba dunia ilinificha jambo hili miaka yote hii. Maharage, karoti, vitunguu, nyanya. Nikachemsha alfajiri, nikalivika sufuria shuka, blanketi na sweta langu nene. Mahali penye joto na utulivu kuliko pote nyumbani ni kitandani. Nikalilaza upande wangu, mto kichwani pake. Ukiangalia kutoka mlangoni, ni mimi kabisa.

Hapo ndipo tatizo. Mke wangu ni muuguzi. Alitoka zamu saa nane mchana akaniona nimelala. Akanihurumia. Alidhani mafua yamenizidi nikarudishwa nyumbani. Akajitupa kitandani kunikumbatia.

Hakuungua, Mungu mkubwa. Lilikuwa vuguvugu tu. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Kuhusu maharage na godoro hawakusema lolote.

Niliporudi nilikuta godoro limeegemezwa ukutani na mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu. Akazungumza kwa sauti ndogo. Sauti ndogo ndiyo mbaya. Akasema ana mama mmoja, ana mume mmoja, na alikuwa na godoro moja.

Mama aliomba aletewe maharage yaliyobaki chini ya sufuria. Nikafurahi, nikadhani anakula. Akachukua moja, akalibonyeza kwa vidole, akasema hayakulowekwa. Sikujua kama kuna kulowekwa.

Vijiko: hakuna.

Ijumaa, tarehe 16



Bomba limepasuka kwa baridi mtaa wa pili. Saa sita, wakati nimekuja nyumbani kumwangalia mama, mwanyumba akapita mbio na viatu vya mpira, akanikabidhi chombo chenye mfuniko wa buluu, akaniomba nimpashie mama moto, akakimbilia kwenye maji yake. Mke wangu kazini. Mama kasinzia kwenye kiti. Jikoni tulikuwa watatu: mimi, chombo, na sufuria langu tupu.

Sikupanga. Faili ni shahidi wangu, hamna neno hata moja. Mkono wenyewe ulimimina. Nikaosha chombo, nikakificha nyuma ya ndoo ya kudekia. Kisha nikamenya kitunguu kimoja na karoti moja, maganda nikayaacha mezani mahali pa kuonekana. Hayo maganda nilivyoyapanga, mtu angeapa nimepika tangu juzi.

Mke wangu akaja chakula cha mchana kikiwa mezani.

Vijiko kumi na kimoja! Kumi na kimoja! Mke wangu alinibusu kwenye kipaji cha uso, mbele ya mama yake. Akasema habari ya godoro imekwisha. Nikainamisha macho kama mtu mnyenyekevu. Nilikuwa naangalia kama mfuniko wa buluu unachungulia.

Mama akaweka kijiko chini. Akanitazama, akasema, "Kesho nitakaa jikoni, mkwe wangu. Nataka nikuone unavyoipika."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu inatoka mezani, inaishia jikoni.

Jumamosi, tarehe 17

Asubuhi nilimpigia mwanyumba simu nikiwa bafuni, maji yanatiririka. Nikamuuliza, kwa jumla tu, kama mtu anayependa elimu, supu ya kuku hupikwaje. Hakushangaa. Akaeleza pole pole: kuku na mifupa yake vichemke kwa moto mdogo, povu litolewe, vitunguu vikaangwe mpaka vilegee, halafu karoti, halafu shayiri, limau mwishoni kabisa. Akauliza kama mama aliila ile ya jana. Nikasema aliila. Akashukuru Mungu, akakata simu. Mtu wa ajabu huyu. Ukimkanyaga mguu atauliza kama kisigino chako hakijaumia.

Nikaandika maelezo yote kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Hakuna aliyenikumbusha kwamba mpishi hunawa mikono.

Mama aliingia saa nne. Masweta mawili, soksi za sufu, kitambaa kichwani, anajishika ukutani. Akakaa kwenye kigoda. Mke wangu alikuwa chumbani anakunja nguo. Nikashika kitunguu. Kiganjani palibaki neno moja tu, "halafu". Nikaanza. Kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliungoja mshindo huo nikiwa nimeinamia ubao.

Akaniuliza kile kitunguu nakifanya nini.

"Nakimenya, mama."

"Unakitesa."

Akanyoosha mkono. Nikampa kisu. Akainuka mwenyewe, bila kushikwa, akasimama mbele ya ubao, na kitunguu kikalala vipande vyembamba kabla sijamaliza kufuta macho.

Kisha, bila kugeuka, "Ile ya jana ilikuwa ya mkwe mwenzio, sivyo?"

Nikamweleza kwamba kupasha moto nako ni sehemu ya upishi.

Akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamletea maji, akanywa, akanitazama, akacheka upya. Mke wangu akaja mbio akidhani mama amezidiwa. Akasimama mlangoni, shati langu mkononi.

Mama aligeuza vitunguu sufuriani kwa mwiko, taratibu, na alichosema nakinakili kama kilivyo, maana sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo:

"Miaka thelathini nimelisha watoto mia tatu. Nikastaafu, nikamlisha baba yenu. Baba yenu akatutoka. Nikaugua. Sasa kila mtu ananijia na kijiko kama mimi ni kinda la ndege. Mnanipenda, naona. Lakini mdomo umechoka kupokea, mkwe wangu. Njaa yangu mimi iko mikononi."

Nikampa chumvi. Akatia kwa vidole vitatu, bila kupima.

Baada ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa bweni. Lete karoti. Punguza moto. Usifunue. Nimesema usifunue. Mke wangu naye akapewa shayiri aoshe, akaambiwa aoshe tena. Mvuke ukafunika dirisha lililoganda, matone yakaanza kushuka. Nyumba ikanukia hadi ngazini. Mwalimu wa muziki akagonga, akadai anakuja kuulizia kishoka chake, akabaki.

Tulikula pale pale jikoni, bakuli mikononi. Mama akamaliza lake, akalipangusa kwa mkate mpaka likang'aa. Mke wangu hakula sana. Alikuwa anamtazama mama yake akitafuna. Mimi nilikuwa na machozi. Ni kitunguu.

Bakuli zima, siku mbili kabla ya muda! Aliyelishika bakuli wakati supu inamiminwa ni mimi. Kwa hiyo limetoka mkononi mwangu. Nimeliingiza kwenye faili hivyo hivyo.

Jumapili, tarehe 18

Wamekuja, mwanyumba na shemeji yangu. Mama aliamka kabla ya sisi sote, akapika tena, akachemsha na kinywaji cha moto. Tangawizi kidole gumba, limau nusu, mdalasini kijiti kimoja. Kila mtu akasifu. Mimi nilinyamaza. Niliona kinakosa nguvu.

Saa ya hatari: shemeji alimwaga maji sakafuni, akaenda kutafuta ndoo. Akarudi na ndoo mkono huu, na mkono ule chombo chenye mfuniko wa buluu. Akauliza, mbele ya wote, chombo chao kinafanya nini huko pamoja na madekio. Mke wangu akakitazama. Akanitazama. Nikaanza kuhesabu vijiko.

Mama alikuwa anakata mkate. Akasema yeye ndiye aliyekiweka huko, uzee huo. Hakupepesa hata jicho. Kisha akawaambia kwamba aliyemrudisha jikoni ni mkwe wake huyu hapa, na akaninyooshea kisu cha mkate.

Mwanyumba akainuka, akanipa mkono. Alimaanisha kabisa. Mkono wake ni mkubwa, wa moto, una alama za spana. Nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba hata yeye ana mchango wake.

Jikoni, wakati wa kuosha vyombo, mke wangu alinisogelea na kusema kwa sauti ndogo kwamba mama yake hajawahi kuosha chombo akakificha nyuma ya ndoo maishani mwake. Nikasubiri. Akanikabidhi kitambaa cha kukaushia, akalaza kichwa begani kwangu, akaendelea kuosha.

Jumatatu, tarehe 19

Mizani imesoma. Ameongezeka nusu kilo! Daktari akapima tena, asiamini, ikasoma vile vile. Hakuna wodi. Hakuna kulazwa. Mke wangu alikaa kwenye benchi la korido na sare yake ya kazi akalia waziwazi, safari hii bila kufungua maji. Mama akampigapiga mgongoni kama anamcheulisha mtoto.

Daktari aliuliza mgonjwa alikula nini. Nilikuwa nimekuja na faili, nikaanza kulifungua. Mama akasema alikula alichopika. Daktari akaandika hivyo tu. Mtu anasoma miaka saba, halafu hataki kuona takwimu.

Kwenye ngazi mama alisimama kupumzika, akasema ameipigia simu ile shule yake ya bweni. Wana wapishi vijana wasiojua hata kuloweka maharage. Atakuwa anakwenda siku mbili kwa wiki kuwafundisha. Walimwambia aje hata kesho. Alisema hivyo huku anatazama pembeni, lakini mkono ulioshika reli ya ngazi ulikuwa unapigapiga kama mtu mwenye haraka.

Jumatano, tarehe 21

Mama ameondoka, amerudi kwake. Mwanyumba alimpeleka kwa gari lake la kazi, katikati ya mabomba, na mfuko wa shayiri mapajani. Kiti changu kimerudi. Blanketi limerudi. Sijui kwa nini nimekaa upande wa pili wa chumba.

Mlangoni alinishika mkono, akasema, "Mkwe wangu, siku nyingine ukikutana na mtu asiyetaka kula, usimpe kijiko. Mpe kisu."

Nikamshukuru sana. Nimelifikiria jioni nzima. Kisu cha nini? Nadhani alimaanisha nyama iwe ngumu kidogo.

Alhamisi, tarehe 22

Habari zimeenea ofisini. Nilizieneza mimi.

Saa tano Mkurugenzi aliniita mwenyewe. Sijawahi kuingia chumba chake. Zulia linameza viatu. Akasema baba yake, dereva mstaafu wa treni, amegoma kula tangu baridi ianze, anakaa dirishani tu. Amesikia mimi ni mtaalamu wa kurudisha hamu ya chakula. Nikasema mtaalamu ni neno kubwa. Nikanyoosha kola. Nikasema lakini ni sahihi.

Jumamosi gari litanifuata. Mzee anapenda supu ya samaki. Zamani alikuwa anavua mtoni mwenyewe, anawapara mwenyewe, anapika mwenyewe, hataki mtu amguse. Ameuliza kama anaweza kukaa karibu nami jikoni, asaidie saidie.

Nilikataa papo hapo. Mgonjwa jikoni ni vurugu, nimeyaona kwa macho yangu. Nimeagiza akae sebuleni, afunikwe mablanketi mawili, asishike chochote, nami nitamlisha kijiko baada ya kijiko hadi bakuli liishe. Mkurugenzi alivutiwa na msimamo wangu. Aliniandika kwenye daftari lake.

Nimefungua faili jipya: SAMAKI.

Sijawahi kumpara samaki hata mmoja. Lakini kuku ana mabawa na miguu, na nilimweza. Samaki atakimbilia wapi?